Mtoto Aliyerudishwa Nyumbani: Kwa Nini Elimu ya Chanjo Haiishii Chuoni

Mama anafika kliniki ya mama na mtoto saa mbili asubuhi, binti yake wa miezi 11 akiwa mgongoni. Ametembea zaidi ya saa moja. Kadi ya mtoto, aliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki, inaonyesha chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio ya kuzaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6. Baada ya hapo nafasi zote ni tupu, kwa kuwa familia ilihama kufuata mashamba. Leo mtoto ana mafua na kikohozi chepesi, na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 37.8.

Muuguzi anampokea kwa upole. “Mama, mtoto ana joto kidogo. Apone kwanza, halafu umlete. Na kichupa cha surua leo hatukifungui, watoto mko wawili tu. Njoo siku ya Alhamisi, wenzako wakiwa wengi.”

“Sawa, nesi,” mama anaitikia. Anafunga khanga yake, anarudi alikotoka.

Kisa hiki ni cha mfano, wala hakimhusu mtu au kituo fulani. Hata hivyo, mtumishi wa afya aliyewahi kukaa kwenye meza ya chanjo atakitambua mara moja. Katika kisa hiki hakuna aliyetukana wala kudai rushwa, na chanjo zilikuwemo jokofuni. Muuguzi aliamini kuwa anamlinda mtoto mgonjwa na kutunza mali ya umma. Aliyofanya ndiyo aliyofundishwa na waliomtangulia kazini. Lakini mtoto ameondoka kituoni bila kinga dhidi ya surua, na hakuna anayejua kama Alhamisi mama yake ataweza kurudi.

Wataalamu wa chanjo huliita tukio la namna hii fursa iliyopotea: mtoto anayestahili chanjo, asiye na kizuizi cha kweli, anafika mbele ya mtumishi wa afya na kuondoka bila kuchanjwa. Sababu mojawapo kubwa ya fursa hizi kupotea ni maarifa yaliyopitwa na wakati, na tiba yake ni elimu endelevu kwa watumishi.

Ratiba iliyobadilika mikononi mwa watumishi

Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango kama huo kwa dunia nzima. Ulilenga magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Kwa robo karne ratiba haikubadilika sana, na muuguzi aliyeikariri chuoni aliweza kufanya nayo kazi hadi kustaafu.

Karne hii mambo yamekuwa tofauti. Mwaka 2002 iliongezwa kinga dhidi ya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga dhidi ya bakteria wa Hib, anayesababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo, na hapo ikapatikana chanjo ya pentavalenti, yaani tano ndani ya sindano moja. Januari 2013 zilianza chanjo mbili kwa pamoja: ya nimokoko dhidi ya nimonia, na ya rota dhidi ya kuhara. Mwaka 2014 chanjo ya surua iliunganishwa na ya rubella, na dozi ya pili ikaingizwa katika umri wa miezi 18. Aprili 2016 dunia nzima iliacha matone ya polio yenye aina tatu za virusi na kuchukua yenye aina mbili, kwa kuwa virusi vya asili vya aina ya 2 vilikuwa vimetangazwa kutokomezwa mwaka uliotangulia. Mwaka 2018 iliongezwa chanjo ya polio ya sindano, na mwaka huohuo wasichana wakaanza kupewa chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi nchini kote.

Muuguzi aliyehitimu mwaka 2005 hakufundishwa darasani hata moja kati ya mabadiliko yaliyofuata baada ya homa ya ini B. Yote ameyapokea kazini: kwa waraka, kwa semina ya siku mbili, au kwa maelezo mafupi ya mwenzake aliyekwenda semina. Kila anapopokeana habari mtu wa tatu na wa nne, sehemu ya habari hupotea njiani. Jina la chanjo mpya hufika salama, lakini sababu yake, masharti ya kuihifadhi na majibu ya maswali ya wazazi mara nyingi hayafiki.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Chanjo mpya huja na kishindo cha uzinduzi, lakini kanuni za zamani zinapofutwa hakuna sherehe. Kanuni iliyofutwa huendelea kuishi katika mazoea ya kituo kwa miaka mingi, na ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani.

Vizuizi vya kweli na vya kudhani

Kikohozi, mafua, kuhara kidogo na homa iliyo chini ya nyuzi 38.5 havizuii chanjo. Mtoto anayetumia dawa za antibayotiki huchanjwa. Mtoto mwenye utapiamlo huchanjwa, tena yeye ndiye anayehitaji kinga zaidi, kwa kuwa surua na kifaduro humuumiza kuliko mtoto mwenye afya njema. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hali yake ikiwa imetulia, hufuata ratiba kwa umri wake tangu siku aliyozaliwa, bila kusubiri kwanza afikie uzito fulani kwa ajili ya pentavalenti. Homa au uvimbe mdogo baada ya dozi iliyotangulia si sababu ya kuinyima dozi inayofuata.

Vizuizi vya kweli ni vichache. Cha kwanza ni mzio mkali, ule unaoziba pumzi au kushusha shinikizo la damu, uliotokea baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiyohiyo. Cha pili kinahusu chanjo zenye vimelea hai vilivyofifishwa: BCG haitolewi kwa mtoto mwenye dalili za UKIMWI, na mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga apelekwe kwa daktari kabla ya kupewa chanjo hai yoyote. Cha tatu ni historia ya utumbo kujikunja na kuingiana, ambayo huzuia chanjo ya rota. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, akiwa hana dalili za ugonjwa, hupata chanjo zake kama watoto wengine. Mtoto mgonjwa sana anayehitaji kulazwa atibiwe kwanza, kisha achanjwe hali yake ikishatulia, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Hoja hiyo ya mwisho inawagusa watumishi wa wodi na wa kliniki za wagonjwa wa nje, ambao wengi wao huiona chanjo kuwa kazi ya chumba kingine. Tabibu anaweza kumtibu mtoto nimonia kwa siku tano, akamruhusu, asiulize kamwe kama alipata chanjo ya nimokoko. Kuangalia kadi ya chanjo ni sehemu ya uchunguzi wa mtoto, kama kumpima uzito na kuhesabu upumuaji wake.

Yapo pia mazoea matatu ya zamani yanayostahili kuachwa. La kwanza ni kuanza upya ratiba ya mtoto aliyechelewa. Dozi iliyokwisha kutolewa haipotei. Mtoto huendelea pale alipoishia, akizingatia angalau wiki nne kati ya dozi moja na nyingine ya chanjo hiyohiyo. La pili ni kurudia BCG kwa kuwa kovu halionekani. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2018 ni kwamba kukosekana kwa kovu hakumaanishi kukosekana kwa kinga, na si sababu ya kurudia dozi. La tatu ni kugawanya sindano za siku moja katika siku mbili kwa huruma. Mwili wa mtoto unamudu chanjo kadhaa kwa wakati mmoja. Huchomwa katika mapaja tofauti, na ikilazimu mbili ziwe paja moja, ziachane kwa sentimita 2.5. Sindano ya pili iliyoahirishwa kwa huruma mara nyingi haitolewi tena.

Kichupa kinachoogopwa kufunguliwa

Sababu ya pili ya muuguzi wa kisa chetu ilikuwa idadi ya watoto. Hofu yake inaeleweka. Chanjo ya surua na rubella huwa unga mkavu ambao ukishachanganywa na maji yake hauna kihifadhi cha kuzuia bakteria. Ni lazima itupwe baada ya saa 6 au mwisho wa kliniki, lolote litakalotangulia. BCG nayo ni hivyo. Katika kichupa cha dozi 10, kumchanja mtoto mmoja maana yake ni kumwaga dozi tisa, na taarifa ya mwisho wa mwezi itauliza zilikokwenda.

Lakini hesabu hiyo inaacha upande mmoja wa mizani. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Mwaka 2022, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, watoto 38 walio chini ya miaka mitano walifariki kwa surua. Ukiuweka msiba wa namna hiyo upande wa pili, gharama ya dozi tisa zilizomwagwa huwa nyepesi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa unaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika. Wajibu wa viongozi wa wilaya ni kukubali kiwango hicho cha upotevu wanapoagiza chanjo, badala ya kumlaumu muuguzi aliyefanya jambo sahihi.

Kwa chanjo nyingine hofu hiyo haina msingi hata kidogo. Kichupa cha pentavalenti cha majimaji, matone ya polio au polio ya sindano chenye dozi nyingi kinaweza kutumika hadi siku 28 tangu kufunguliwa, mradi kimehifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, muda wake haujaisha, kiashiria chake cha joto kiko katika hali nzuri, na chanjo hiyo imeidhinishwa kutumiwa hivyo. Mtumishi aandike tarehe ya kufungua juu ya kichupa. Anayetupa pentavalenti kila jioni, na anayetunza surua iliyochanganywa hadi kesho, wote wawili wamekosea kanuni moja kwa pande zake mbili. Kosa la kwanza hupoteza fedha. La pili laweza kuua, kwa kuwa bakteria huzaliana ndani ya kichupa na kutoa sumu.

Baridi nayo huharibu

Kila mtumishi anajua kuwa joto huua chanjo. Wachache zaidi wanakumbuka kuwa baridi kali huharibu baadhi yake kwa namna isiyorekebishika. Pentavalenti, nimokoko, pepopunda, homa ya ini B na HPV zina chumvi ya aluminiamu inayousaidia mwili kutengeneza kinga. Zikiganda, chembe hizo hushikamana, na chanjo hupoteza nguvu. Baadaye barafu ikiyeyuka, kichupa huonekana kama kawaida. Mtoto atachomwa, kadi itajazwa, taarifa itatumwa, na kinga haitakuwepo.

Kiashiria cha joto kilichobandikwa kwenye kichupa, ambacho watumishi hukiita VVM, hakioni kuganda. Kazi yake ni kuhesabu joto tu: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linaouzunguka, chanjo inafaa, ukifanana na duara au kuwa mweusi zaidi, chanjo itupwe.

Kwa chanjo zenye aluminiamu zinazoshukiwa kuganda, upo mtihani wa kutikisa, ambao hauhitaji kifaa chochote cha gharama. Kichupa kimoja cha aina na toleo lilelile hugandishwa makusudi, kikaandikwa alama ili kisije kikatumika, kisha kikaachwa kiyeyuke. Hutikiswa pamoja na kile kinachoshukiwa, halafu vyote viwili huwekwa juu ya meza na kutazamwa kwa muda wa hadi dakika 30. Ikiwa mashapo ya kichupa kinachoshukiwa yanatuama kwa kasi sawa na ya kile kilichogandishwa, au kuyazidi, chanjo hiyo haifai. Mtihani huu hautumiki kwa polio ya sindano, kwa kuwa haina aluminiamu. Huu ni ujuzi wa mikono: aliyeusoma tu atasita, lakini aliyewahi kuona mashapo yakishuka kwa macho yake hatasahau.

Kinga ya tatizo hili ni nyepesi kuliko mtihani wenyewe. Joto la jokofu lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, siku zote saba. Katika huduma ya mkoba, pakiti za barafu zisiingizwe kwenye kibebeo cha chanjo zikiwa zimetoka moja kwa moja kwenye friza. Ziachwe nje hadi maji yasikike yakicheza ndani zinapotikiswa.

Samoa: kosa moja, makaburi 83

Gharama ya kosa la kiufundi ilionekana wazi katika Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki yenye watu takriban 200,000. Tarehe 6 Julai 2018, watoto wawili wa mwaka mmoja walifariki muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella katika hospitali moja ya kisiwa cha Savai‘i. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Badala ya maji yake maalumu, ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli, ile inayotumiwa na wataalamu wa usingizi kwenye upasuaji. Wauguzi wawili walikiri kosa, na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Maafa hayakuishia hapo. Serikali ilisitisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, uvumi ukajaza nafasi ya maelezo, na wazazi wengi wakaogopa kurudi hata huduma ilipofunguliwa tena. Kiwango cha watoto waliochanjwa, ambacho hakikuwa kizuri tangu awali, kilishuka mno. Oktoba 2019 mlipuko wa surua ulitangazwa. Hadi unakwisha, zaidi ya watu 5,700 walikuwa wameugua na 83 wamefariki, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Kanuni ambazo zingezuia vifo vile viwili vya kwanza ni fupi. Jokofu la chanjo lisiwekwe dawa nyingine yoyote. Kila chanjo ya unga ichanganywe na maji yake yenyewe, ya mtengenezaji yuleyule, yaliyopozwa kabla. Lebo zote mbili zisomwe kwa sauti kabla ya kuchanganya. Kila kichupa kichanganywe kwa bomba jipya la sindano, na saa ya kuchanganya iandikwe.

Samoa inafundisha pia kuwa imani ya wazazi ni sehemu ya mnyororo wa chanjo, sawa na jokofu. Kituo kinapaswa kuwa na adrenalini na mtu anayejua kuitumia, kumtazama mtoto kwa angalau dakika 15 baada ya sindano, na kutoa taarifa ya kila tukio baya linalofuata chanjo. Kosa likifichwa, maelezo yake hubaki mikononi mwa wavumishaji.

Maneno yanayomrudisha mama

Watoto wengi wanaokatisha chanjo, ambao vituo huwaita watoro, hawakukatazwa na dini wala uvumi. Mama zao hawakuelezwa vizuri, waliaibishwa kwa kuchelewa, au walitishwa na homa ya usiku wa kwanza ambayo hakuna aliyewaonya kuwa ingekuja.

Mambo manne yanatosha kusemwa kwa kila mzazi, na hayachukui dakika mbili: chanjo gani imetolewa leo na inazuia ugonjwa gani, nini huenda kikatokea nyumbani na afanye nini, arudi lini, na kadi aje nayo kila mara mtoto anapopelekwa kituoni kwa sababu yoyote. Kidonda kidogo cha BCG hakihitaji dawa wala majani. Homa baada ya pentavalenti hupoa ndani ya siku moja au mbili. Homa na vipele vya chanjo ya surua vinaweza kuja baada ya wiki moja au zaidi, wakati mama ameshasahau sindano.

Maumivu nayo yana elimu yake. Mtoto akiwa amepakatwa wima au ananyonya hulia kidogo kuliko aliyelazwa na kushikwa kwa nguvu. Bomba lisivutwe nyuma kutafuta damu kabla ya kusukuma chanjo, kwa kuwa paja la mtoto halina mshipa mkubwa mahali hapo na kuvuta huongeza maumivu. Sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Sehemu sahihi ni upande wa nje wa katikati ya paja. Makalio hayafai, kwa sababu ya hatari ya kujeruhi neva.

Kwa mama aliyechelewa, neno la kwanza liwe la kumshukuru kwa kuja. Lawama ya mezani haijawahi kumrudisha mtoto mwezi unaofuata.

Mafunzo yanayobadilisha kazi

Mabaraza ya kitaaluma huwataka wanataaluma wa afya kuonyesha ushahidi wa elimu endelevu wanapohuisha leseni zao. Ni hatua njema, lakini cheti cha kuhudhuria hakimchanji mtoto. Mhadhara mmoja katika ukumbi wa mbali huongeza maarifa kwa muda mfupi tu. Mafunzo yanayodumu ni mafupi, hurudiwa, hufanyika pale kazi inapofanyika, na humwezesha mtumishi kutenda huku akitazamwa na kusahihishwa.

Kituo chochote kinaweza kuanza na saa moja kila mwezi. Siku hiyo watumishi wa chanjo, wa wagonjwa wa nje na wa wodi hukaa pamoja. Huchukua kadi 20 za watoto wa chini ya miaka miwili waliofika kituoni wiki hiyo kwa huduma yoyote, na kwa kila kadi hujiuliza: mtoto huyu alistahili chanjo gani siku ile, na alipata ipi? Waliokosa huhesabiwa, sababu huandikwa, na moja huchaguliwa ya kurekebishwa kabla ya mwezi ujao. Dakika zilizobaki hutumika kwa ujuzi mmoja wa mikono: mtihani wa kutikisa, kuchanganya surua, kuchoma BCG ya mililita 0.05 ndani ya ngozi, au kutafuta adrenalini na kuona kama muda wake haujapita. Mganga mfawidhi akikaa naye mezani, ujumbe unafika kuwa jambo hili ni zito. Timu ya wilaya ikija kwa usimamizi shirikishi, ianze kwa kuuliza hesabu hiyo ya kadi 20, kabla ya kukagua madaftari.

Zoezi zuri la kuanzia ni lile la binti wa miezi 11. Siku ile alistahili dozi ya pili ya pentavalenti, ya nimokoko na ya matone ya polio, pamoja na polio ya sindano, dozi ya kwanza ya surua na rubella, na matone ya vitamini A. Chanjo ya rota itategemea mwongozo unaotumika kituoni, ingawa Shirika la Afya Duniani halizuii kuitoa kwa mtoto aliyechelewa ambaye hajatimiza miezi 24. Yote hayo siku ileile, mafua na nyuzi 37.8 vikiwepo. Angerudi baada ya wiki nne kwa dozi za tatu, na akitimiza miezi 18 kwa surua ya pili.

Dozi hiyo ya pili nayo ina hesabu yake. Surua ikitolewa katika miezi 9, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga. Waliobaki 15 hawakuwa na bahati, kwa sababu kingamwili walizopata kwa mama bado zinaizuia chanjo, au miili yao haikuitikia. Kadi yao inasoma “amechanjwa”, nao wako wazi. Miezi 18 ndiyo nafasi yao, na hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Ni lazima warudi wote 100.

Mzazi naye ana sehemu yake

Mzazi anayesoma makala haya ana haki ya kuuliza. Akiambiwa arudi siku nyingine, aulize kwa heshima: “Nesi, mafua haya yanazuia chanjo kweli?” Aje na kadi kila anapompeleka mtoto hospitali, hata kwa kuvunjika mkono. Akihama, aende na kadi kwenye kituo kilicho karibu. Hatakiwi kurudi alikoanzia. Akichelewa, asibaki nyumbani kwa aibu, kwa kuwa ratiba inaweza kuendelezwa pale ilipoishia. Mtoto akipata homa kali isiyoshuka, degedege, au shida ya kupumua baada ya chanjo, apelekwe kituoni bila kusubiri.

Alhamisi ikifika, huenda mama yule atatembea tena saa moja na kufika. Huenda pia itakuwa siku ya palizi, au mtoto mwingine ataugua, au nauli haitapatikana. Mtumishi hana uwezo juu ya hayo. Uwezo wake uko juu ya Jumanne ile, mtoto akiwa mbele yake, kadi ikiwa mezani na chanjo ikiwa jokofuni.